Kushuka Bonde la Karura hadi Timbo la Zamani

Wengi tunaoingia Msitu wa Karura, jijini Nairobi, hubaki juu kwenye barabara pana, tunapiga picha moja kwenye maporomoko ya maji, basi. Mwongozo huu ni wa anayetaka kushuka mtoni: maporomoko, mapango, kisha timbo, yaani machimbo ya mawe, ambalo sasa ni ziwa la mayungiyungi. Mimi huongoza vikundi huko, na kabla hatujaondoka getini huwaambia hivi: ukuta uliochongwa na mto si sawa na ukuta uliokatwa na fundi.

1. Ulizia mvua ya Limuru, si ya Muthaiga

Mito ya Karura hutoka nyanda za juu za Kiambu, upande wa Limuru. Mjini, kama hapa Muthaiga jirani na msitu, jua linaweza kuwaka ilhali huko juu kumenyesha usiku kucha. Kati ya Machi na Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, mpigie mtu aliye huko asubuhi. Ukikuta mto umekuwa rangi ya chai ya maziwa na unabeba matawi, siku hiyo tembea juu tu.

2. Viatu

Soli yenye meno. Udongo wetu mwekundu ukilowa, raba za kawaida hazishiki kitu.

3. Getini

Lango la Barabara ya Limuru, mkabala na ubalozi wa Ubelgiji, ndilo rahisi kwa mgeni. Lipia kwa simu. Kisha piga picha ramani: makutano ya njia msituni yana nambari, na mtu akiteguka mguu, nambari hiyo ndiyo utakayowatajia askari wa msitu. "Tuko karibu na mti mkubwa" haimsaidii mtu yeyote Karura.

4. Maporomoko na mapango

Maporomoko yana kimo cha kama mita 15. Usisimame chini yake wala usipande mawe ya kando, yana ukungu wa kijani unaoteleza. Mapango hayako mbali. Wapiganaji wa Mau Mau waliyatumia kama maficho miaka ya 1950. Beba tochi, ongea kwa sauti ya chini, usichore jina lako ukutani. Chakula kiache ndani ya mkoba, maana kima wa hapa hawabishi hodi.

5. Timbo

Hapa ndipo watu hulegea, kwa kuwa pametulia na ni pazuri.

Mawe mengi ya kujengea Nairobi ni majivu ya volkano yaliyoshikana yakawa mwamba, laini kiasi cha kukatwa kwa tindo na nyundo. Mafundi hufuata jiwe zuri wima kwenda chini, na likiisha huhama. Hakuna anayebaki kulainisha mteremko. Ndiyo maana ukuta wa timbo huwa na kona na vidato, na mara nyingine alama za vyuma, ilhali mwamba wa mtoni umesuguliwa ukawa mviringo.

Juu ya ukingo wa timbo, nyasi na mizizi hufunika pengo. Unadhani umekanyaga ardhi, kumbe ni mkeka wa majani. Kaa nyuma ya ukingo angalau urefu wa mtu mzima, na ukiona ufa unaokwenda sambamba na ukingo, rudi nyuma zaidi. Usiketi chini ya ukuta pia, hasa baada ya mvua.

Maji nayo yana hila yake. Mto hukupa kina kidogo kidogo. Timbo huweza kukupa hatua moja kavu, ya pili imekumeza. Kila msimu wa mvua tunasikia watoto wamezama kwenye matimbo yaliyoachwa kandokando ya jiji. Mtoto mshike mkono, usimwite tu kwa jina.

6. Kurudi

Panda kwa njia ya juu, usirudie bonde. Saa kumi alasiri uwe umeshaanza kupanda, kwa sababu kivuli cha miti huleta giza mapema huko chini.