Umekuta Bunduki ya Marehemu Darini? Jinsi ya Kuimiliki, Kuiuza au Kuisalimisha kwa Halali Hapa Zanzibar

Nafanya biashara ya vitu vya kale Mji Mkongwe: makasha, saa za ukutani, vyombo vya shaba, jambia. Swali ninaloletewa kuliko yote halihusu bei ya kasha. Ni la mtu aliyefumua dari ya nyumba ya urithi akakuta bunduki ndefu imezongwa gunia, na hajui aiuze, aitundike ukutani au aende akaitupe baharini. Baharini usitupe: wavuvi huopoa kila kitu, na mwanao akija kuulizwa ilipo hatakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Nitaeleza ninavyofanya mimi na ninavyowashauri wateja. Yote yanasimama juu ya jambo moja: chombo chenye mtutu ni silaha mpaka polisi waseme kwa maandishi kwamba si silaha. Kwamba ni kikuukuu, kina kutu na hakina risasi, hizo ni hoja za kumpelekea afande. Si ruhusa. Watu wamefikishwa mahakamani katika nchi hii kwa magobore ambayo ukiyaona utadhani ni fimbo za mkwaju.

Hatua ya kwanza: jua kama imeshindiliwa

Kabla ya sheria kuna roho za watu. Gobore hujazwa kwa mdomo wa mtutu: baruti, kitambaa, marisau, kisha hushindiliwa kwa mdeki, ule ufito wa kusukumia. Wazee wenye mashamba waliiacha imejaa, ikingoja nguruwe au tumbili usiku, na mwenyewe akafariki bila kuifyatua. Baruti nyeusi ikikaa pakavu haifi kwa umri. Dari ya mabati ni pakavu mno.

Watoe watoto chumbani. Elekeza mdomo wa mtutu kwenye ukuta mnene wa mawe, usiwe upande wa mlango wala dirisha. Kama ni ya fataki (kijikofia cha kulipua kinachogongwa na nyundo) na fataki bado imekaa mahali pake, ishia hapo hapo; usiinue nyundo, usiguse kitu, piga simu polisi. Kama haina fataki, chukua ufito mwembamba wa mti (wa mti, si chuma), ukae ubavuni mwa mtutu na si mbele yake, uingize taratibu mpaka ugote. Weka alama pale mdomoni. Utoe, uulaze juu ya mtutu kwa nje, alama ikae sawa na mdomo. Ncha ya ufito ikifika usawa wa tundu la moto, kile kitundu cha kupitishia moto kwenye baruti, karibu na mtambo wa kufyatulia, ndani mtupu. Ikikomea vidole viwili vitatu kabla ya hapo, ndani mna kitu.

Ikiwa mna kitu, kazi yako imekwisha. Usimwage maji, usitie mafuta ya moto, usimwite fundi wa kuchomelea. Funga chumba, mjulishe sheha, ita polisi.

Bunduki ya kufungulia nyuma, inayotia risasi za ganda, usishindane nayo hata kidogo. Nyingi zimeganda kwa kutu, na risasi inaweza kuwa imo ndani.

Hatua ya pili: ijue ni bunduki gani

Hapa ndipo wengi hupita mbio, na hapa ndipo faili hufa au huishi. Ukimwambia afande "nina bunduki ya zamani" hujamwambia kitu. Mwambie "ni bunduki ya gumegume, mtutu laini ndani, haina namba", na mazungumzo yamekuwa mengine.

Tazama mtambo. Ikiwa kuna mkono wa kushikia utambi, hiyo ni bunduki ya fatila, na kwetu aghalabu imekuja na watu wa Omani: mtutu mrefu, kitako chembamba, vikuku vya fedha. Ikiwa kuna taya zinazobana kijiwe, ni gumegume. Ikiwa nyundo ni bapa na inaangukia kijichuchu cha chuma, ni ya fataki. Hizi tatu zote hujazwa kwa mdomo. Ikifunguka nyuma kupokea ganda, umeshatoka kwenye magobore, na ujue kwamba polisi wataitazama kwa jicho jengine hata kama ina umri wa babu wa babu yako. Snider ya Uingereza ni ya 1866 na Martini-Henry ni ya 1871, na zote mbili hutia ganda.

Mbona gumegume zimejaa majumbani mwetu ilhali Ulaya walishaziacha? Karne ya 19 Unguja ilikuwa soko kubwa la bunduki kuukuu za majeshi ya Ulaya, zikivushwa kwenda bara pamoja na misafara ya pembe. Kisha ukaja Mkataba wa Brussels wa 1890, ambao Zanzibar ilikuwa miongoni mwa nchi zilizohusika nao. Ulibana uingizaji wa silaha katika ukanda wote wa Afrika tokea nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini: bunduki zinazoingia ziwekwe ghala la serikali, zitolewe kwa idhini. Bunduki za kisasa zikazuiliwa, ila za gumegume zenye mtutu laini na baruti ya biashara zikaachiwa mlango. Kwa hiyo atakayekwambia kuomba kibali cha silaha visiwani ni jambo geni, mjibu kwamba lina zaidi ya karne.

Sasa tafuta mihuri, kwenye bamba la mtambo na juu ya mtutu karibu na kitako. Neno TOWER lenye taji huwafurahisha sana wauzaji, lakini viwanda vya Birmingham na vya Liège nchini Ubelgiji viliunda bunduki za biashara na kupiga neno hilo hilo, kwa hiyo peke yake halithibitishi kwamba ni ya jeshi. Muhuri wenye manufaa zaidi ni herufi ELG ndani ya duara la yai: huo ni wa Liège. Ukiwa na taji juu, bunduki ilipimwa tokea 1893. Bila taji, ni kabla ya hapo.

Mwaka ni muhimu kwa sababu Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya 2001 kuhusu silaha za moto inaziachia nchi zitafsiri zenyewe silaha ya kale ni ipi, lakini inaweka ukomo: iliyotengenezwa baada ya 1899 haiwezi kuitwa ya kale. Usilisome kinyume. Kuwa ya kabla ya 1899 hakukupi msamaha wowote. Kunakupa hoja tu.

Na kuna wale wanaokuta bunduki ya 303, ile ya kijeshi ya Kiingereza, au silaha nyengine iliyobaki tokea Mapinduzi ya Januari 1964, pale ghala za silaha za polisi za Ziwani na Mtoni zilipofunguliwa. Hiyo si kitu cha kale. Usiisafishe, usiipige picha ya kurusha WhatsApp, ruka moja kwa moja hatua ya nne, sehemu ya kusalimisha.

Hadithi ya muuzaji usiiandike kama ushahidi. Kila gobore linalouzwa Hurumzi "lilipigana upande wa Sayyid Khalid" dhidi ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Vita vile havikufika saa moja. Kwa idadi ya bunduki nilizoonyeshwa, vingechukua mwezi.

Hatua ya tatu: tengeneza faili, bunduki iache nyumbani

Usiibebe. Si kwenye daladala, si kwenye bodaboda, si kwenye kanga. Anayekutwa njiani na mtutu hana muda wa kueleza historia ya Ubelgiji. Peleka karatasi kwanza, polisi ndio watakaosema ije vipi au waifuate wenyewe.

Ndani ya faili tia picha za kila upande, na picha za karibu za mihuri, na ya futi iliyolazwa kando yake. Andika urefu, aina ya mtambo, namba kama ipo. Tia nakala ya kitambulisho chako cha Mzanzibari Mkaazi na cha NIDA. Kama ni urithi, tia cheti cha kifo na karatasi ya mirathi, kwa sababu leseni ya silaha ni ya mtu kwa jina lake na ya chombo kwa namba yake. Marehemu hakukurithisha leseni hata kama alikuwa nayo. Ukiikuta leseni yake kuukuu, itie pia, ni dhahabu. Warithi wenzako waweke saini kwamba wanajua. Nimeona faili zuri likikwama kwa sababu ya dada mmoja aliyeko Wete ambaye hakuambiwa.

Halafu nenda kwa sheha. Barua yake ndiyo mlango wa kila jambo hapa visiwani, na kwa silaha yeye ndiye anayekujua kama wewe ni mtu wa ugomvi au wa amani. Mwende kwa adabu, asubuhi, na umweleze yote. Sheha akisikia habari kwa jirani kabla yako, umejitia kazi.

Maneno ya barua yawe mafupi. Mimi huwaandikia hivi:

"Mimi, mkaazi wa shehia ya ..., nimekuta katika nyumba ya marehemu baba yangu bunduki moja ya kujaza kwa mdomo, ya mtambo wa gumegume, isiyo na namba, yenye muhuri ulioonyeshwa katika picha namba 3. Sina baruti wala risasi zake. Nimeifungia chumbani na haijatolewa. Naomba ikaguliwe na nipewe maelekezo kwa maandishi."

Neno "kwa maandishi" usilisahau.

Hatua ya nne: polisi

Polisi ni jambo la Muungano, kwa hiyo shauri la silaha haliishii baraza la mji wala wizara ya Zanzibar. Sheria ya Bunge ya kudhibiti silaha na risasi ni ya 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Unaanzia kwa mkuu wa polisi wa wilaya yako, linapanda kwa kamanda wa mkoa. Makao Makuu ya Polisi Zanzibar yako Ziwani. Mtu wa Micheweni aanzie kwao Pemba. Asipande boti kuja Unguja kutafuta njia ya mkato, atarudishwa.

Jitayarishe kuulizwa unaitakia nini. "Nataka tu" si jibu. "Kumbukumbu ya familia, haitafyatuliwa, nitaifungia kabatini" ni jibu. Anayetaka kukusanya nyingi aeleze na chumba kilivyo, kufuli, nani ana ufunguo. Ukipewa leseni, soma tarehe ya mwisho siku ile ile.

Ukiona huna haja nayo, au ni silaha ya vita, isalimishe na udai karatasi ya mapokezi. Serikali hutangaza vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari, kama ule wa Septemba na Oktoba 2022, lakini usikae na bunduki ukingojea tangazo.

Iliyo nzuri kwa historia ina njia ya tatu: Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Waone mapema, maana barua yao ya kueleza thamani ya kitu humsaidia hata afande. Ama mizinga, risasi za mzinga na chochote kilichofukuliwa magofuni, Pujini, Ras Mkumbuu au kwengineko, si mali yako ya kuombea leseni. Ripoti kwa Idara, usinunue kwa aliyefukua.

Hatua ya tano: kwa anayetaka kuuza

Usajili wa BPRA, wakala wa kusajili biashara Zanzibar, na leseni ya duka la vitu vya kale havikuruhusu kuuza bunduki. Biashara ya silaha ni leseni yake mbali, na ina daftari: iliyoingia, imetoka kwa nani, imekwenda kwa nani, kwa kibali gani. Mimi bunduki siuzi. Huelekeza na kuandika faili tu, nauza jambia na majambia nayo yana mitihani yake.

Mgeni akinunua, forodha husoma namba, hawasomi hadithi. Silaha zimo Sura ya 93 ya orodha ya ushuru, na Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inaiweka sura hiyo katika bidhaa za kuingizwa kwa kibali. Wengi hawajui kwamba panga za vita, visu vya bunduki na ala zake vimo humo humo, kifungu 93.07. Vitu vya kale vilivyozidi miaka 100 hutolewa Sura ya 93 vikaenda 97.06. Kwa hiyo jambia la mwaka juzi na jambia la 1880 ni bidhaa mbili tofauti machoni pa ofisa, na kinachozitenga ni barua ya Idara ya Makumbusho inayotaja umri. Bila ya barua hiyo usimfungie mgeni mzigo.

Kisha tazama kipini. Kama ni pembe ya kifaru au ya ndovu, kuzidi miaka 100 hakukuokoi: vifaru na ndovu wa Afrika wanalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ndovu wetu tokea 1989 wakiwa katika orodha kali kabisa, na Tanzania Bara pembe ni nyara za Serikali. Choma sindano uone? Hapana, utaharibu kitu na hutapata hakika. Mwonyeshe mtu wa makumbusho. Ikithibitika ni pembe, halitoki dukani, na mteja mwambie kabla hajatoa pesa.

Kwa lile linaloruhusiwa kutoka, barua asilia isafiri na mzigo na nakala ibaki dukani. Jambia lifungwe ndani ya sanduku la kupakiwa chini ya ndege. Na kwa anayeondoka kwa boti, bandari ya Malindi hapa Unguja, mwambie aseme "nina jambia, na barua hii" kabla sanduku halijapita kwenye mashine.