Kupiga picha za mawimbi kwenye miamba ya Mtwara alfajiri: anza na mwezi, kamera baadaye

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa Mikindani, mpiga picha wa harusi kama mimi, aliniomba nimpeleke ufukwe wa Shangani, hapa Mtwara, tukapige picha za mawimbi jua linapochomoza. Alikuwa ameshakwenda peke yake siku tatu mfululizo. Siku zote tatu alirudi na picha za mawe makavu, madimbwi, na mstari mweupe wa povu kule mbali, mwembamba kama uzi. Akaamini lenzi yake haifai na alishaanza kutafuta mnunuzi.

Lenzi haikuwa na tatizo lolote. Alikwenda siku ambazo bahari haiji ufukweni asubuhi. Nilimweleza tukiwa juu ya mwamba, giza bado halijatoka, na kwa kuwa si yeye wa kwanza kuniuliza, nayaandika yote hapa.

Hatua ya 1: Chagua siku kwa mwezi

Sehemu kubwa ya pwani yetu ya kusini ina kingo za matumbawe chini ya maji, mbele ya ufukwe. Maji yakipwa, mawimbi yanavunjikia huko nje, na yakifika kwenye miamba ya nchi kavu yamebaki kulamba tu. Maji yakijaa, wimbi linapita juu ya kingo zile na kuja kupiga jiwe lenyewe. Kwa hiyo picha unayoitaka inapatikana maji yakiwa yamejaa, au ndiyo kwanza yameanza kurudi, wakati huohuo jua linachomoza. Mambo hayo mawili hayakutani kila siku.

Huku kwetu bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo maji hujaa kabisa kwenye saa 10 alfajiri na tena saa 10 jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa, kwa wastani kama dakika 50, ila siku za karibu na bamvua ni pungufu, kama 40. Piga hesabu: siku ya pili mpaka ya nne baada ya mwezi mpevu, au baada ya mwezi kuandama, maji yanajaa kati ya saa 11 na kitu na saa 12 na nusu hivi. Hizo ndizo asubuhi zangu. Ndani ya mwezi mmoja napata kama sita, na nyingine zote nalala.

Yule kijana alikwenda mwezi ukiwa na siku 11, 12 na 13. Siku hizo, jua linapochomoza maji yako chini au yanakaribia kupwa kabisa. Hata angekuwa na kamera ya bei ya nyumba, angepiga picha zilezile.

Kuhusu msimu, mimi napenda kusi, msimu wa upepo wa kusini. Kuanzia Juni mpaka Agosti upepo una nguvu na mawimbi yana mwili. Matlai, upepo mwanana wa mashariki, ni shwari mno kwa kazi hii. Kaskazi, upepo wa kaskazini, inatoa mawingu mazuri, ila mvua ya huku inaanza Novemba au Desemba na inaweza kukuharibia wiki nzima. Kabla ya kutoka, angalia taarifa ya TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, usiende miambani hata kama mwezi umekaa sawa.

Hatua ya 2: Soma jedwali la maji, kisha usiliamini mpaka uyaone maji yenyewe

Hapa nitakaa sana, kwa sababu hatua hii iliwahi kunigharimu saa saba juu ya jiwe.

Ilikuwa Julai. Mwezi ulikuwa na siku 10 hivi. Usiku nilifungua jedwali kwenye simu, nikaona maji kujaa 11:30. Mimi kama wenzangu wote, siku nzima naishi kwa saa za Kiswahili. Nikasoma saa 11 na nusu, nikaelewa alfajiri. Hesabu ikakaa vizuri kichwani: nikifika saa 12, maji yameshaanza kupwa, navuka mfereji, napanda lile jiwe kubwa, na kila dakika bahari inazidi kuniachia nafasi.

Jedwali lilikuwa linasema saa 5 na nusu mchana. Nilipofika, maji yalikuwa yameshapwa na yameanza kujaa tena. Mfereji ulikuwa na maji ya kifundo cha mguu. Nikavuka, nikapanda, nikapiga picha. Mawimbi yalikuwa madogo, lakini kila baada ya muda yakawa makubwa zaidi, nami nikafurahi nikidhani ni kusi linaamka. Mzee mmoja alipita na mtumbwi akanipigia kelele, "Mjomba, maji yanajaa hayo!" Nikampungia mkono. Nilipogeuka saa 2 asubuhi mfereji ulikuwa umenifika kifuani, maji yanapita kwa nguvu, nami nina begi lenye kamera mbili za kazi, harusi ikiwa Jumamosi. Nikabaki pale. Nilishuka saa 9 alasiri, ngozi ya shingo imebabuka, sina hata tone la maji ya kunywa. Maji yangekuwa ya bamvua, jiwe lenyewe lingefunikwa.

Kwa hiyo fanya haya yote, usiruke hata moja:

Andika saa za jedwali kwenye karatasi kwa Kiswahili kabla ya kulala. 05:40 ni saa 11 na dakika 40 alfajiri. 11:30 ni saa 5 na nusu mchana. Kuandika kwa mkono kunakulazimisha kufikiri.

Hakikisha jedwali ni la Mtwara, au la Lindi kama uko Lindi. Programu nyingi hufungukia Dar es Salaam au mji wa nchi nyingine, hasa ukiwa umezima GPS.

Jua kwamba jedwali ni makadirio yanayofuata mwezi na jua, upepo haumo ndani yake. Kusi likivuma siku mbili tatu, maji yanaweza kupanda kuliko yalivyoandikwa. Acha nafasi.

Ukifika, lisome jiwe. Hili alinifundisha yule mzee, siku nilipokwenda kumwamkia na kumwomba radhi kwa kutomsikiliza. Tafuta jiwe lililosimama ndani ya maji, mahali mawimbi hayarushi povu sana, ulimulike na tochi. Kama juu ya maji kuna mkanda mpana wa jiwe lililolowa, jeusi, linalong'aa, maji yametoka hapo, yanapwa. Kama jiwe ni kavu na jeupe mpaka karibu na maji yenyewe, maji yanapanda. Ukiona na mate ya povu na majani makavu yanaelea yakisogezwa juu ya mawe makavu, usiulize tena. Kama bado una shaka, chagua kitundu kimoja cha matumbawe ukingoni, kitazame kwa dakika 10. Kikizama, rudi nyuma.

Na kanuni yangu, ambayo siivunji hata kama mbingu imekuwa nyekundu kama nini: nafanya kazi maji yakiwa yanapwa tu. Naanza juu kabisa, bahari ikirudi nashuka nayo hatua kwa hatua. Ukifuata zile siku mbili hadi nne baada ya bamvua, maji yanaanza kupwa karibu na jua kuchomoza, nawe ngoja mpaka yaanze, na kufika saa 5 au 6 mchana mwamba wote unakuwa wazi mpaka utawaona kina mama wanashuka na ndoo kutafuta pweza.

Hatua ya 3: Fika dakika 45 kabla ya jua

Jua la Mtwara linachomoza kama saa 12 na dakika 35 mwezi wa Juni na Julai, na karibu saa 12 kasorobo mwezi wa Novemba. Tuko karibu na ikweta, mapambazuko ni mafupi: rangi nzuri zaidi inadumu kama dakika 20, nyingi zikiwa kabla jua halijatokeza. Anayefika jua limechomoza amefika kwenye mabaki.

Mahali pa kusimama pachague jana yake mchana, maji yakiwa yamepwa, ujue mifereji iko wapi. Kumbuka pia jua halitokei palepale mwaka mzima. Juni linaelekea kaskazini ya mashariki kwa nyuzi kama 24, Desemba kusini kwa kiasi hichohicho.

Vaa raba za zamani zenye soli ngumu. Ndala na yeboyebo zinateleza, na matumbawe na maganda ya chaza yanakata kama wembe. Ukipenda Msimbati, ni pazuri sana lakini ni mchanga zaidi kuliko mwamba, na uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kwa hiyo lipa kiingilio. Usielekeze kamera kwenye mitambo ya gesi.

Hatua ya 4: Tripodi

Nzito. Zile nyepesi za alumini zinazouzwa na simu zinatikisika upepo ukipita. Usivute mguu wa kati kwenda juu, na tundika begi katikati.

Hatua ya 5: Mipangilio ya kamera

Faili ghafi za RAW, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, apecha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) f/11. Usiende f/22 ukidhani utapata ukali zaidi, picha inalainika. Rangi ya mwanga iweke kwenye alama ya jua, kwa sababu ukiacha kamera ichague yenyewe itaufuta ule uzambarau wa alfajiri ikidhani ni kosa. Zima fokasi ya kujiendesha. Kwa lenzi ya mm 18, fokasi jiwe lililo mita 2 mbele yako na upeo wa bahari nao utakuwa mkali.

Kinachobaki ni kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inaacha mwanga uingie, na hapo nina msimamo. Watu wengi wanapenda sekunde 30. Bahari inageuka tui la nazi, laini, haina sauti. Mimi sioni bahari humo. Bahari ya kusi ina uzito, ina michirizi, ina hasira yake, na vyote hivyo vinaonekana kati ya robo sekunde na sekunde moja. Mimi nakaa kwenye nusu sekunde. Ukitaka matone yasimame hewani kama shanga, nenda 1/1000 na upandishe ISO. Hiyo nayo ni picha ya haki. Ile ya tui mimi siipigi.

Kabla ya jua huhitaji filta, giza lenyewe linakupa shata ndefu. Hapo mwanzoni hata ISO utaipandisha ili ubaki kwenye nusu sekunde. Jua likitoka, kamera inaweza kukuonyesha 1/125 kwa f/11. Weka filta ya ND, kioo cheusi cha mbele ya lenzi, ya stopu 6, inayopunguza mwanga mara 64, na unarudi kwenye nusu sekunde. Nunua hiyo moja nzuri ya kioo, uache zile za kuzungusha za bei rahisi zinazoacha alama ya msalaba mweusi mbinguni. Na usilitazame jua kupitia kioo cha kuchungulia cha kamera.

Mwenye simu: fungua sehemu ya Pro, ile unayopanga kila kitu mwenyewe, ISO ya chini kabisa, shata nusu sekunde, simu kwenye stendi, na utumie kihesabu cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Kabla ya jua utapata picha nzuri kabisa.

Hatua ya 6: Ngoja wimbi lirudi

Kaa dakika 10 bila kupiga chochote. Mawimbi huja kwa makundi: madogo, madogo, kisha matatu manne makubwa. Ukishajua kundi kubwa linafika wapi, simama juu ya hapo. Usiipe bahari mgongo, hata unapobadilisha betri.

Yule kijana alikuwa anabonyeza wimbi linapopiga. Akapata mlipuko mweupe mtupu. Nikamwambia asubiri. Wimbi linapiga, linapanda, linanyamaza kidogo juu ya jiwe, kisha linaanza kuteremka. Ni pale linapoanza kuteremka ndipo unabonyeza. Maji yanapita kwenye vishimo vya matumbawe, kila kishimo kinatoa mchirizi wake, na michirizi yote inaelekea baharini kama nywele zilizochanwa. Ile michirizi inalivuta jicho mpaka kwenye jua. Alipiga ya kwanza, akatazama kioo, akaniita, "Mjomba, njoo uone." Baada ya hapo hakusema neno kwa nusu saa.

Hatua ya 7: Chumvi

Kila dakika tatu nne mulika lenzi na tochi. Vumbi la maji ya chumvi halionekani kwenye kioo cha kamera, unalikuta nyumbani kama ukungu katikati ya picha 80. Usipanguse chumvi kavu, inakwaruza. Lowesha kitambaa cha pamba kwa maji matamu, futa taratibu, kisha kausha kwa kingine. Nabeba vitambaa vitano na chupa ndogo ya maji.

Ukifika nyumbani, kabla ya chai, kabla ya kufungua picha, fungua miguu ya tripodi yote, isuuze kwa maji ya bomba na uiache wazi kivulini ikauke. Yangu ya kwanza niliiacha mpaka jioni, na viungio vikashikana, havikufunguka tena.