Somo: Daftari la mauzo na kodi ya makadirio kwa mwenye biashara ndogo

Kila unapokaribia mwezi Machi, wenye maduka na magenge huniuliza swali lile lile: kwa nini jirani anayeuza sawa na mimi amekadiriwa kodi ndogo kuliko yangu? Nimeona nilijibu kwa maandishi ili atakayeuliza tena aelekezwe hapa. Kodi ya makadirio ni ile inayotozwa kwa kutazama mauzo ya mwaka, si faida. Somo hili linamhusu mfanyabiashara binafsi wa Tanzania ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi 100,000,000. Haliyahusu makampuni wala watoa huduma za kitaalamu. Viwango ninavyovitumia ni vya Sheria ya Fedha ya mwaka 2022.

Hatua ya kwanza. Jisajili upate TIN, yaani namba ya utambulisho wa mlipakodi, ambayo hutolewa bure.

Hatua ya pili. Anza daftari la mauzo siku ile ile unayofungua biashara. Wengi huumia hapa, kwa sababu sheria inamtenganisha mwenye kumbukumbu na asiye nazo. Mauzo yakizidi milioni 4 lakini hayajavuka milioni 7, asiye na kumbukumbu hulipa shilingi 100,000, na mwenye nazo hulipa asilimia 3 ya kile tu kinachozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na 11, wa kwanza hulipa 250,000, na wa pili hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Kuanzia hapo hadi milioni 100, kodi ni asilimia 3.5 ya mauzo yote. Sasa mchukue mama mwenye genge aliyeuza 10,800,000 na daftari lake liko mkononi: atalipa 204,000. Akifika mikono mitupu, afisa akatazama shehena na mahali genge lilipo, kisha akayakisia mauzo kuwa milioni 12, kodi inakuwa 420,000.

Ukurasa wa daftari hauhitaji utaalamu: tarehe, bidhaa, kiasi, umelipwa taslimu au kwa simu, na jumla inayoandikwa kabla ya kufunga mlango. Ila zingatia haya. Laini ya simu ya biashara iwe ya biashara peke yake, kwa sababu mkopo, mchango wa harusi na ada ya mtoto iliyotumwa na shemeji vikiingia humo, huwezi tena kuonyesha kipi ni mauzo na kipi sicho. Usikae usiku mmoja ukaandika mauzo ya miezi mitatu. Daftari la namna hiyo hujulikana kwa kulitazama tu, na likishakataliwa, hata kurasa zake za kweli hazitakusaidia. Wala usipunguze mauzo, kwani risiti za unakonunua mzigo zinapobeba TIN yako, manunuzi yako yanaonekana. Kumbukumbu hizo zitunze kwa miaka 5.

Hatua ya tatu. Nenda na daftari ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ukakadiriwe kabla ya tarehe 31 Machi.

Hatua ya nne. Lipa kwa awamu nne, mwisho 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba, kwa kutumia namba ya malipo.

Hatua ya tano. Mauzo yakifikia milioni 11, tumia mashine ya EFD, yaani mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti za kodi, na utoe risiti kwa kila mauzo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Nina duka la vipodozi Mbagala. Nitalipa kodi shilingi ngapi?
Jibu: Hukutaja mauzo yako. Viwango viko katika hatua ya pili.

Swali: Nimekadiriwa kikubwa mno, na kuna mtu ameniambia nimpe chochote anisaidie kukipunguza.
Jibu: Usimpe. Andika pingamizi ndani ya siku 30 tangu ulipopokea makadirio, ukiambatanisha nakala za daftari. Kabla ya kusikilizwa unatakiwa kulipa kiasi usichokibishia au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa, ingawa unaweza kumwomba Kamishna Mkuu wa TRA akipunguze.

Swali: Mimi ni wakala wa fedha za simu. Je, kila shilingi inayopita kwangu ni mauzo?
Jibu: Hapana, dada yangu. Fedha hizo ni za wateja. Pato lako ni kamisheni, nayo ndiyo unayoiandika.

Swali: Ndugu mwalimu, nauza sukari na unga kwa jumla. Mauzo ni makubwa lakini faida ni ndogo sana. Nifanye nini ikiwa kodi inatazama mauzo?
Jibu: Ahsante kwa kulifikiria jambo hili, maana linawaumiza wengi wa jumla. Sheria inakuruhusu kuchagua kutoka katika makadirio ukatozwa kwa faida. Tuseme umeuza milioni 80 na faida yako ni milioni 4. Kwa mauzo utalipa 2,800,000. Kwa faida, shilingi 3,240,000 za mwanzo hazitozwi, na zinazobaki, yaani 760,000, hutozwa asilimia 8, ambayo ni 60,800. Lakini utawajibika kuandaa hesabu kamili za faida na hasara, na gharama isiyo na risiti ya EFD inaweza kukataliwa. Kwa hiyo zungumza na mhasibu kabla ya kuamua.

Swali: Risiti zangu za mwaka jana zimefutika zote, zimebaki karatasi nyeupe. Kuna njia?
Jibu: Karatasi ile huandikwa kwa joto, hivyo jua na mifuko ya plastiki huiharibu upesi. Wiki hii rudi kwa waliokuuzia uombe nakala. Za kuanzia sasa zipige picha au uzitoe fotokopi siku ile ile, kisha ubane fotokopi kwenye ukurasa wa tarehe hiyo katika daftari la manunuzi.