Malimbe hadi Makoroboi kwa baiskeli ya umeme: namna ninavyopima chaji

Mimi ni fundi cherehani. Naishi Malimbe, pembeni mwa jiji la Mwanza, kibanda changu kiko Makoroboi, mjini kati, na tangu mwaka juzi njia hiyo naikata kwa baiskeli ya umeme. Kilomita 11 kwenda, 11 kurudi: kwanza mpaka Nyegezi kona, kisha barabara kuu kupitia Butimba, Mkuyuni na Igogo hadi mjini. Kila siku wateja wananiuliza, "Haikuzimikii njiani?" Ilinizimikia mara moja, na ndipo nilipoanza kuhesabu.

Ilikuwa Januari, shule zinafunguliwa, na nyuma nimefunga sare nilizotaka kwenda kumalizia usiku nyumbani. Kioo cha chaji kilionyesha vijiti viwili kati ya vitano. Nilipoanza kupanda kamwinuko karibu na Mkuyuni, viwili vikawa kimoja, kikapepesa, mota ikanyamaza. Nikashuka nikasukuma. Baba mmoja muuza mahindi ya kuchoma akanisogezea kigoda: "Mayu (mama, kwa Kisukuma), pumzika kwanza." Nikakaa kama dakika kumi. Nilipowasha tena, vijiti viwili vikawa vimerudi, na betri hakuna aliyeigusa.

Hapo ndipo penye siri. Vijiti vinasoma volti za betri. Mota ikivuta nguvu nyingi, kama kwenye mlima au unapoondoka na mzigo, volti zinashuka kwa muda. Ukisimama zinapanda tena. Kwa hiyo usikisome kioo ukiwa unapanda. Simama, hesabu hadi sitini, ndipo usome. Kama kioo chako kinaweza kuonyesha namba ya volti, achana na vijiti kabisa. Betri yangu ya volti 48 ikijaa inasoma 54.6. Ikiwa imetulia na inasoma chini ya 45, mimi siendi tena popote ila nyumbani, taratibu.

Sasa hesabu yenyewe. Geuza betri, soma kibandiko. Yangu imeandikwa 48V 13Ah, yaani volti 48 na ampea-saa 13. Zidisha: 48 mara 13 ni wati-saa 624. Hilo ndilo tenki lako. Baiskeli nyingi ndogo zina 36V 10Ah, yaani 360, kwa hiyo ukisikia mwenzako anafika Kisesa na kurudi, muulize kwanza tenki lake ni la ngapi.

Kujua njia yako inakula kiasi gani hakuhitaji kifaa cha kununua. Tumia chaja na saa ya ukutani. Jaza betri mpaka taa ya chaja iwe kijani. Nenda kazini, rudi, kama siku zote. Iache betri ipoe, chomeka, andika saa, kisha andika tena saa taa inapogeuka kijani. Chaja yangu ni ya ampea 2, na safari yangu ya kilomita 22 huchukua saa tatu kujazwa. Saa 3 mara ampea 2 ni 6. Mara volti 48 ni wati-saa 288. Gawa kwa 22, unapata kama 13 kwa kila kilomita. Mwishoni chaja hupunguza kasi, kwa hiyo namba inazidi ukweli kidogo, na mimi napenda izidi kuliko ipungue. Rudia siku tatu nne, uandike kwenye daftari.

Mimi natumia sehemu nane tu kati ya kumi za tenki. Ni wati-saa 500 hivi, nikigawa kwa 13 napata kilomita 38. Hizo ndizo namwahidi mteja. Na kwa wanaoogopa bili, kujaza betri nzima kunakula chini ya uniti moja ya Luku.

Ile 13 kwa kilomita hubadilika, na kinachoibadilisha zaidi hapa kwetu kwenye miamba ni mlima. Mimi, baiskeli na mzigo tunafika kilo 100. Kupanda mita 50 kwenda juu kunadai wati-saa 14 kabla hujahesabu zinazopotea kama joto kwenye mota; hiyo inazidi kilomita nzima ya tambarare. Ndiyo maana siku ya kupeleka oda kilimani Bugando naondoka na betri iliyojaa, naweka gia nyepesi, naanza kukanyaga pedali kabla ya kuupanda mlima, na mkono wa resi siuvuti mpaka mwisho. Mota ikilazimishwa kupanda polepole peke yake, chaji nyingi inageuka joto. Ishike ukifika juu, utaamini.

Halafu mwendo. Kutoka kilomita 25 kwa saa hadi 35, hewa inakupinga karibu mara mbili. Upepo ni hivyo hivyo. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, kwa hiyo upepo hutoka ziwani. Nikienda Pasiansi saa tisa unanipiga usoni. Safari za huko nimezihamishia asubuhi. Tairi nazo zijazwe kwa namba iliyoandikwa ubavuni mwake, kila Jumatatu.

Kuhusu kuchaji, hapa naomba unisikilize vizuri. Kibanda changu kimejaa vitambaa, na betri ya lithiamu ikishika moto haizimiki kirahisi. Nachaji juu ya sakafu ya saruji, hakuna kitambaa karibu, nikiwa macho, si usiku nimelala. Siifuniki chaja. Situmii chaja ya jirani hata kama tundu linaingia: chaja ya betri ya 48 inatoa volti 54.6, ilhali betri ya 36 inatakiwa kuishia 42. Ukiichomeka huko unaitafutia moto. Umeme ukikatika, chomoa, subiri utulie ndipo urudishe. Ikinyesha, futa tundu likauke kabisa kwanza.

Siku za kawaida sijazi mpaka mwisho. Kwa kilomita 22 sina haja, na betri ikikaa imejaa chini ya bati lenye joto inazeeka haraka. Kila baada ya wiki mbili naiacha ifike kijani ili seli zake, yaani vibetri vidogo vya ndani, zilingane chaji. Nikienda Sengerema kwa mama wiki nzima, naichomoa kwenye baiskeli ikiwa nusu, volti 48 hivi, naiweka uvunguni mwa kitanda upande usiopata jua.