Kutafuta na Kujenga Njia Yako Kwenye Open Rails: Kutoka Stesheni ya Mombasa Hadi Mazeras

Open Rails ni simyuleta ya treni isiyolipiwa, na haihitaji kompyuta ya gharama kubwa. Inasoma njia na mabehewa yaliyotengenezwa kwa ajili ya Microsoft Train Simulator, mchezo uliotoka mwaka 2001, hivyo nyuma yake kuna akiba ya kazi ya zaidi ya miaka ishirini. Reli za Ulaya na Marekani zimo tele. Za kwetu ni haba, na anayetaka kuondoka na treni kisiwani Mombasa apande bara huenda akalazimika kuilaza reli hiyo mwenyewe. Inawezekana kabisa, ila kazi ina mpangilio wake, na aliyeuruka huishia kung'oa alichokwisha kulaza.

Anza na njia iliyojengwa na wengine

Usijenge chochote kabla hujasakinisha njia moja ya bure na kuiendesha hadi mwisho. Maktaba ya Trainsim.com ina njia nyingi. Kabla ya kupakua, soma maelezo ya mtengenezaji na utafute jambo moja: je, njia inajitegemea, au inahitaji mchezo wa asili? Njia nyingi za zamani huja na faili la installme.bat linalonakili vitu kutoka njia sita za Microsoft, zilizo katika folda za EUROPE1, EUROPE2, JAPAN1, JAPAN2, USA1 na USA2. Kama huna mchezo huo, faili litakimbia na kumaliza, lakini miti, majumba na hata vipande vya reli havitakuwepo. Anayeanza na achukue njia inayojitegemea.

Tengeneza folda fupi, mfano D:/Treni, na ndani yake ziwepo GLOBAL, ROUTES, SOUND na TRAINS. Usiiweke ndani ya Program Files, kwa sababu Windows huzuia programu kuandika humo, nawe utadhani umehifadhi kazi kumbe hakuna kilichoandikwa. Ukishafungua kifurushi, hakikisha faili la .trk, linaloitambulisha njia, liko hatua moja tu ndani ya folda ya njia. Mara nyingi zipu huzaa folda ndani ya folda yenye jina lilelile, na njia haionekani kwenye orodha. Kisha fungua Open Rails, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya maudhui, uongeze D:/Treni.

Faili linaloleta mgogoro kuliko yote ni tsection.dat, lililo ndani ya GLOBAL. Hilo ndilo kamusi ya vipande vyote vya reli: urefu wake, nusu kipenyo cha kona, matawi yake. Toleo jipya huchukua nafasi ya la zamani, kamwe si kinyume. Njia iliyojengwa kwa kamusi mpya ikisomwa kwa kamusi ya zamani, reli hukatika hewani. Jambo lolote likienda kombo, fungua OpenRailsLog.txt, ambalo kwa kawaida huwekwa kwenye eneo-kazi. Limeandika jina la kila faili lililokosekana.

Amua mwaka na mipaka

Sasa kujenga. Chombo ni TSRE, kihariri cha njia kisicholipiwa. Kwa mara ya kwanza usivuke kilomita ishirini na kitu. Kipande cha stesheni ya Mombasa hadi Mazeras kinafaa sana: kina bahari, tuta, mpando na stesheni chache, na ni chepesi kiasi cha kukamilika.

Tangu mwanzo amua unajenga mwaka gani. Ukifungua ramani ya leo utaona reli mbili. Ile ya zamani ni ya geji (upana kati ya reli mbili) ya mita moja, na ndiyo inayoingia kisiwani. Ya pili ni SGR, ya milimita 1,435, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, na stesheni yake ya Mombasa iko Miritini, bara. Ukifuata mstari usio wako pale Miritini, kona na mipando yote itakayofuata itakuwa ya reli nyingine. Kama unajenga enzi za mvuke, za injini za Garratt za daraja la 59 zilizotengenezwa na Beyer Peacock miaka ya 1955 na 1956, SGR haipaswi kuonekana hata kidogo.

Geji yenyewe ni suala la macho. Hifadhidata ya reli, yaani faili la .tdb, huandika mstari wa katikati tu, na treni hufuata mstari huo. Ukitumia vipande vya kawaida vya 1,435, kichwa cha treni cha geji ya mita kitatembea bila shida, ila magurudumu yataonekana yanakanyaga kokoto ndani ya reli. Kwa hiyo tafuta seti ya vipande vya geji nyembamba kabla ya kulaza mita ya kwanza. Kubadilisha seti baadaye ni kulaza upya.

Vimo vya ardhi

Hapa ndipo njia nzuri na mbovu hutengana, na hapa usiwe na haraka. Data inayotumika ni SRTM, iliyopimwa kwa rada kutoka chombo cha anga za juu mnamo Februari 2000. Huja kwa faili za .hgt, kila moja digrii moja kwa digrii moja, na jina lake ni la kona ya kusini-magharibi. Sisi tulio kusini mwa ikweta hukosea hapo. Stesheni ya Mombasa iko zaidi kidogo ya digrii 4 kusini, kwa hiyo faili lake ni S05E039, si S04. Mazeras nayo iko kaskazini mwa mstari wa digrii 4, katika S04E039. Unahitaji zote mbili. Ukiwa na moja, ardhi yako itakatika ghafla katikati ya safari, ukuta mnyoofu kama uliokatwa kwa kisu.

Kagua ukubwa wa faili. Lenye vipimo vya kila mita 30 hivi lina baiti 25,934,402. La kila mita 90 lina 2,884,802. Lenye ukubwa tofauti na huo ama halikupakuliwa lote, ama bado limo ndani ya zipu. Kwenye settings.txt ya TSRE andika gameRoot ielekee D:/Treni, na geoPath ielekee folda yenye .hgt, ukitumia mikwaju inayoegemea mbele (/).

Ardhi hujengwa kwa vigae vya mita 2,048 kila upande. Kutoka kisiwani hadi Mazeras, pamoja na vigae vya pembeni ili dereva asione ukingo wa dunia, panga vigae kama arobaini. Pakia vimo vyote kabla ya reli.

Halafu sahihisha mambo mawili kwa mkono. Rada ilipima vilele vya miti na mapaa, si udongo. Mikoko ya hori za Tudor na Port Reitz itakuja kama vilima, na inabidi uishushe. La pili ni maji. SRTM huipa bahari kimo cha sifuri, nawe ukiweka maji kwenye sifuri, ardhi na maji vitagombania nafasi moja na picha itametameta vibaya. Shusha ardhi ya chini ya maji mita tatu. Tuta la Makupa, linalounganisha kisiwa na bara, kwa kuwa ni jembamba, litatokea kama mgongo uliolainika, karibu kumezwa na maji. Liinue mwenyewe.

Kulaza reli

Majina ya vipande yanasomeka ukiyazoea. A1t100mStrt ni njia moja, mita 100, iliyonyooka. A1t500r10d ni kona ya nusu kipenyo cha mita 500 inayogeuka digrii 10, na urefu wake ni mita 87 na kitu. Pakia ramani ya OpenStreetMap juu ya vigae, kisha weka alama kwenye mstari wa reli kila mita 200 hivi, na ukaribu zaidi kwenye kona. Laza kutoka alama hadi alama. Ukijikuta umepotoka mita tano, rudi nyuma vipande vitatu vinne, usijaribu kulazimisha kona kali irudishe mstari.

Mpando ndio unaomtesa anayeanza. Kwa reli kuu ya aina hii usivuke asilimia 1.5, yaani mita 15 kwa kila mita 1,000. Piga hesabu kwanza: kupanda mita 90 kwa kiwango hicho kunataka kilomita 6 za reli, hata kama kilima chenyewe kiko kilomita 3 mbele yako. Ndiyo maana reli ya kweli hupinda-pinda kutafuta urefu. Ukiona ardhi inakimbia juu kuliko reli, usiongeze mpando. Chunguza tena ramani, huenda umeikosa kona. Na usiruke kutoka 0 hadi 1.5 kwenye kiungo kimoja. Ongeza 0.2 au 0.3 kila kipande, la sivyo mabehewa yataonekana yamevunjika shingo.

Kila kilomita mbili, linganisha ardhi na reli, udongo ukae kama sentimita 25 chini ya kitako cha kipande ili usichomoze kati ya mataruma. Kisha hifadhi, toka, uendeshe kwenye Open Rails. Treni ikifika mahali reli inaonekana nzima lakini ikasimama kama imefika mwisho, kiungo hakijaungana kwenye hifadhidata. Fungua TrackViewer, inayokuja pamoja na Open Rails: mwisho wa reli utaonekana katikati ya njia. Ng'oa vipande viwili vya hapo, uviunge upya.

Njia za kupishana zipime kwa treni yako. Mabehewa 25 ya mita 12 ni mita 300. Garratt moja inaongeza karibu 32. Acha nafasi ya kusimama kabla ya pointi (mahali reli inapogawanyika), basi mita 400 kati ya ishara na ishara.

Ishara, mbao za mwendo na majukwaa ni vya mwisho, reli ikishatulia kabisa, kwa sababu vimefungwa kwenye hifadhidata na ukigusa reli iliyo chini yake vinaweza kuachwa vikining'inia. Minazi, mikorosho na nyumba za Changamwe zinaweza kuja wakati wowote.

Nakala ya akiba iwe ya folda nzima ya njia. Usirudishe .tdb ya jana ukaacha folda ya WORLD, yenye vitu ulivyopanga, ya leo. Namba za vipande hazitalingana na njia yote itavurugika.

Ili njia iendeshwe kutoka kwenye menyu inahitaji angalau faili moja la .pat, yaani la safari, ndani ya folda ya PATHS. Lichore kwa TrackViewer: mwanzo uwe stesheni ya Mombasa, mwisho Mazeras, lingine la kurudi. Ukitaka kuigawa, omba ruhusa ya wenye vitu ulivyotumia, kisha andika kwenye faili la maelezo toleo la tsection.dat, seti ya reli, na mwaka unaoonyeshwa.