Plazma ya kusakia vifuko vya saratani ya kongosho: fanya hivi

Eksosomu ni vifuko vya nanomita 30 hadi 150 hivi ambavyo seli humwaga kwenye damu; tunavitafuta katika plazma, yaani maji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake. Vya saratani ya kongosho huweza kubeba DNA yenye jeni ya KRAS iliyobadilika, kasoro iliyomo katika zaidi ya asilimia 90 ya aina kuu ya saratani hiyo. Huu bado ni utafiti, kwa hivyo usimwahidi mgonjwa majibu.

1. Mpigie mgonjwa simu jioni ya kuamkia siku ya kutolewa damu, aje hajala. Aliyetoka kula samaki wa kukaanga pale Dunga, ufukweni Kisumu, atakupa plazma iliyochafuka kama uji, na chembe za mafuta huhesabiwa na mashine kana kwamba ni vifuko.

2. Tumia mrija wa kifuniko cha zambarau, wenye EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande. Wa kijani una heparini, nayo pia huzuia kuganda lakini huvuruga PCR, kipimo cha kunakili DNA. Upindue polepole mara nane, usiutikise.

3. Usafiri ndio huniumiza kichwa. Chembe sahani (zile za kugandisha damu) zikisukwasukwa humwaga vifuko vyake zenyewe. Niliwahi kupokea mirija sita kutoka Ahero, imelazwa kwenye mkoba wa boda boda. Hesabu ya vifuko ilipanda nikachekelea, hadi nilipopima CD41, alama ya chembe sahani: karibu vyote vilikuwa vyake. Kazi ya wiki nzima ikaenda na maji. Sasa mirija husafiri imesimama, bila barafu (baridi nayo huzichokoza), na ifike ndani ya saa moja.

4. Zungusha mirija kwenye sentrifuji kwa 2,500 g (mara 2,500 ya nguvu ya mvutano wa dunia), dakika 15, breki imezimwa. Soma g, si mizunguko kwa dakika, maana sentrifuji hazilingani. Chota plazma ukiacha kama sentimita moja juu ya tabaka jeupe la chembe nyeupe na chembe sahani, kisha rudia kuzungusha vilevile. Ikiwa ya waridi, chembe nyekundu zimepasuka. Andika daftarini hata kama inakuaibisha.

5. Gawanya mikrolita 500 kwa kila kichupa, uhifadhi kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Yeyusha mara moja tu. Stima ikipotea, usifungue friza kuchungulia.

6. Baada ya kutenganisha vifuko kwa safu ya kuchuja, tafuta CD9, CD63 na CD81, protini ambazo ni alama za eksosomu. Pima pia ApoB, protini ya chembe za mafuta: ikijaa, bado una mafuta ya samaki wa Dunga.