Somo: Kuchangisha na Kujitolea kwa Taasisi ya Hisani Iliyo Jirani, Hatua kwa Hatua

Ndugu wanachama,

Somo hili ni la yeyote anayetaka kuisaidia taasisi ya hisani iliyo karibu naye, iwe kituo cha watoto, nyumba ya wazee, maktaba ya jamii au kikundi kinachowahudumia wagonjwa majumbani, lakini hajui aanzie wapi. Wengi wetu huanzia kwenye siku ya shughuli: tunachagua tarehe, tunatafuta ukumbi, tunachapisha fulana, na baadaye ndipo tunapojiuliza fedha zitafanya kazi gani. Nawaomba mgeuze mpangilio huo. Anzeni kwa taasisi yenyewe, na mwisho mrudi kwake na kwa wachangiaji mkiwa na hesabu mkononi. Shughuli iliyo katikati ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote.

Hatua ya kwanza: Ulizeni kinachohitajika

Nendeni ana kwa ana mkamuulize msimamizi mambo matatu: ni kitu gani kinakosekana sasa, kitagharimu kiasi gani, na kinahitajika kabla ya lini. Kisha ongezeni swali la nne, ambalo wengi huona haya kuliuliza ingawa lina manufaa makubwa: ni vitu gani msingependa kuletewa?

Swali hilo nililijua kwa kuchelewa. Mara ya kwanza nilipoongoza changizo, kikundi chetu kilikusanya nguo zilizotumika kwa majuma matatu, tukazipeleka kwenye kituo cha watoto kwa shangwe kubwa. Wahudumu walitupokea kwa heshima zote. Baadaye nilifahamu kwamba walitumia siku mbili nzima kuzichambua, kwamba nyingi zilikuwa za watu wazima, na kwamba kilichokuwa kikiwanyima usingizi wakati ule ni deni la maji. Hakuna aliyetuficha jambo hilo. Sisi ndio hatukuuliza.

Ulizeni pia kama taasisi imesajiliwa, nani wamo katika bodi yake, na kama ina akaunti ya benki kwa jina lake yenyewe. Taasisi inayopokea michango kupitia akaunti ya mtu binafsi, au inayokasirika ikiombwa kuonyesha hesabu za mwaka uliopita, msiichangishie kwa sasa, hata kama kazi yake inawagusa moyo.

Hatua ya pili: Pateni idhini kwa maandishi

Barua fupi inatosha, mradi iseme kwamba mnaruhusiwa kutumia jina la taasisi, kwa lengo gani, kuanzia lini hadi lini, na fedha zitaingia katika akaunti ipi. Katika nchi nyingi kuchangisha hadharani, mitaani au nyumba kwa nyumba, kunahitaji kibali cha serikali, na bahati nasibu huwa chini ya sheria za michezo ya kubahatisha hata ikiwa ni ya hisani. Fuatilieni mambo haya mapema, kwa maana kibali hakitolewi kwa nia njema peke yake.

Hatua ya tatu: Wekeni lengo ambalo mtu anaweza kulishika

Maneno "tuwasaidie wazee" hayampi mchangiaji mahali pa kushika. "Tunanunua magodoro kumi na mawili kabla ya msimu wa baridi, na tumeshapata manne" yanampa mahali pa kusimama, kwa kuwa anajua mchango wake utageuka nini na anaona umbali uliobaki.

Mfano ninaoupenda ni wa Terry Fox, kijana wa Kanada aliyekatwa mguu kwa sababu ya saratani, ambaye mwaka 1980 alianza kukimbia kuvuka nchi yake akitumia mguu wa bandia. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373, hadi saratani ilipomrudia mapafuni ikamlazimu kusimama. Tunamkumbuka kwa ushujaa wake, na ni haki. Lakini tutazame pia jinsi alivyoomba. Aliomba dola moja kwa kila Mkanada kwa ajili ya utafiti wa saratani. Ombi hilo mtoto angeweza kulielewa na maskini angeweza kulitimiza, na mapema mwaka 1981 fedha zilikuwa zimefika zaidi ya dola milioni 24, katika nchi ya watu wapatao milioni 24.

Pamoja na hayo, msipange bajeti yenu kana kwamba kila mtu atatoa sawa. Katika changizo nyingi, michango michache mikubwa hubeba sehemu kubwa ya lengo. Kwa hiyo, kabla ya kutangaza, andikeni majina ya watu watano au sita mnaowafahamu wenye uwezo zaidi, mwende kuzungumza nao mmoja mmoja. Changizo inayotangazwa ikiwa na theluthi ya lengo mkononi huwavuta wengine, na ile inayoanza na sanduku tupu huwatia watu shaka.

Hatua ya nne: Chagueni njia kwa kupiga hesabu

Kwa kila njia andikeni mapato mnayotarajia, toeni gharama, kisha tazameni salio. Chakula cha jioni ukumbini huleta sifa nyingi, lakini mpishi, vyombo na vipaza sauti hula sehemu kubwa ya kilichopatikana. Matembezi ya ahadi, ambapo kila mtembeaji hutafuta watu wa kumchangia kwa kila kilomita, hayagharimu mengi na yana faida nyingine isiyoonekana haraka: mtembeaji mwenyewe ndiye anayeomba, na anawaomba watu wanaomfahamu. Mtu hutoa kwa urahisi zaidi akiombwa na rafiki kuliko akiombwa na bango. Mnada wa vitu vilivyotolewa bure nao hufaa, mradi kuna mnadi hodari. Ulizeni vilevile kwa waajiri wenu, kwa sababu baadhi ya makampuni huongeza kiasi kile kile ambacho mfanyakazi wao amechanga.

Hatua ya tano: Ombeni kazi, msiombe "msaada"

Hapa nitakaa kidogo, kwani ndipo changizo nyingi zinapolegea. Tangazo la "tunahitaji watu wa kujitolea" huleta watu thelathini wenye moyo ambao, wakifika, husimama pembeni wakisubiri kuambiwa la kufanya, na wengi wao hawarudi tena. Andikeni kila kazi kwa jina lake: mtu wa kupokea wageni mlangoni, saa 3 hadi saa 5 asubuhi, watu wawili wa kuhesabu fedha, mpiga picha, mtu wa kupiga simu za shukrani jioni tatu. Kila zamu iwe na mwanzo, mwisho na msimamizi anayefahamika. Mtu anayejua kwamba ameombwa saa mbili tu ni mwepesi wa kukubali, na akiridhika ataongeza mwenyewe.

Kisha wafundisheni. Baada ya vita vya Solferino, kaskazini mwa Italia, mwaka 1859, Henry Dunant, mfanyabiashara wa Uswisi, aliwaona wanawake wa mji wa Castiglione wakiwahudumia majeruhi wa pande zote mbili bila ubaguzi. Moyo ulikuwapo, mikono ilikuwapo, lakini maandalizi hayakuwapo, na wengi walikufa ambao huenda wangepona. Pendekezo lake la mwaka 1862, lililozaa harakati ya Msalaba Mwekundu mwaka uliofuata, lilikuwa kwamba watu wa kujitolea waandaliwe wakati wa amani, kabla ya haja kufika. Kwa kikundi chetu kidogo maana yake ni kikao cha nusu saa siku moja kabla: nani anafanya nini, vifaa viko wapi, mtu akiugua aitwe nani.

Anayejitolea kukaa na watoto au watu wasioweza kujitetea lazima achunguzwe kwanza kwa utaratibu wa taasisi, hata akiwa ndugu wa mwenyekiti, na asiachwe peke yake nao. Asiyekubali sharti hilo apangiwe kazi nyingine.

Hatua ya sita: Lindeni fedha, mtalinda na majina yenu

Masanduku yawe na namba na yafungwe kwa lakiri. Yafunguliwe mbele ya watu wawili wasio na udugu, wahesabu kila mmoja kwa zamu yake, waandike kiasi na kutia saini. Fedha ziende benki zikiwa kamili siku ya kazi inayofuata, na gharama zilipwe kwa utaratibu mwingine, kwa risiti. Mkishaanza kuchota kwenye sanduku ili kulipa gari, hata kwa haki kabisa, hamtaweza tena kumwonyesha mtu yeyote jumla iliyokusanywa.

Hatua ya saba: Shukuruni upesi, toeni taarifa

Shukrani zitoke ndani ya siku mbili, na taarifa ndani ya mwezi mmoja: kilichopatikana, kilichotumika, kilichokabidhiwa, na kilichonunuliwa. Mwaka 1885 Joseph Pulitzer alichangisha kupitia gazeti lake zaidi ya dola 100,000 za kujengea msingi wa Sanamu ya Uhuru mjini New York. Waliotoa walikuwa zaidi ya watu 120,000, na wengi wao walitoa chini ya dola moja. Aliahidi kuchapisha jina la kila mchangiaji, hata aliyetoa senti chache. Siku hizi inafaa kumwomba mtu ruhusa kabla ya kumtaja, lakini kanuni ni ile ile: aliyetoa kidogo naye ana haki ya kuona mchango wake umeandikwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, shikamoo. Tulichangisha kwa ajili ya kiti cha magurudumu, tukapata nusu tu ya bei. Tufanye nini?

Jibu: Marahaba. Msizigeuzie fedha hizo kazi nyingine kimyakimya, hata iwe nzuri kiasi gani, kwa sababu zilitolewa kwa kiti. Mwambieni msimamizi, kisha waandikieni wachangiaji mkiwapa nafasi ya kuchagua: tuendelee kwa miezi miwili zaidi, tuelekeze kwenye hitaji lingine tulilolitaja, au turudishe. Safari ijayo andikeni mapema kwenye tangazo kitakachofanyika lengo lisipofikiwa au likipitwa.

Swali: Je, anayejitolea anaweza kulipwa nauli?

Jibu: Ndiyo, na ni vyema. Kurudishiwa nauli kwa risiti si mshahara, na bila hivyo kujitolea hubaki kuwa kwa wenye uwezo peke yao. Wekeni kiasi hicho katika bajeti tangu mwanzo, mkitangaze wazi.

Swali: Dada, mwenzetu mmoja anasema tukiweka picha za watoto wakiwa wanalia, tutapata mara mbili. Wewe unaonaje?

Jibu: Naona msifanye hivyo, ndugu yangu, hata kama mtapata mara tatu. Mtoto huyo atakua, na picha itabaki kwenye intaneti akiwa na miaka ishirini na anatafuta kazi. Wekeni picha ya darasa linalokarabatiwa, au ya mikono inayopanga vitabu. Ikiwa ni lazima mtu aonekane, awe amekubali mwenyewe, na kama ni mtoto, awe ameridhia pamoja na mlezi wake, baada ya kuelezwa picha itakwenda wapi.

Swali: Watu wa kujitolea huja kwa wingi siku ya shughuli, kisha hatuwaoni. Tunawashikaje?

Jibu: Waandikieni ndani ya juma moja mkiwa na kazi mahususi na tarehe mahususi. Halafu tazameni kalenda. Umoja wa Mataifa umetenga tarehe 5 Septemba kuwa siku ya hisani na tarehe 5 Desemba kuwa siku ya kujitolea, na nyakati hizo wengi hukumbuka kutoa. Waombeni watu wenu miezi ile ambayo hakuna anayekumbuka. Watakuta kazi ipo na nafasi ipo, na watajiona wanahitajika kweli.

Swali: Mimi nafanya kazi zamu za usiku, sina akiba, na mchana nalala. Nimeona aibu hata kuuliza, lakini kuna ninaloweza kufanya?

Jibu: Lipo, na umefanya vizuri kuuliza. Taasisi ndogo huwa na kazi nyingi zisizo na saa maalumu: kuingiza majina ya wachangiaji kwenye kompyuta, kuandika barua za shukrani, kusahihisha taarifa ya mwaka, kutafsiri tangazo, kupanga orodha ya zamu. Andika kwenye karatasi moja mambo matatu unayoyaweza na muda ulio nao kwa juma, hata kama ni dakika arobaini, umpelekee msimamizi unapotoka kazini asubuhi. Akikosa kazi ya kukupa wiki hiyo, mwachie namba yako, umuulize tena baada ya mwezi.